Kitatange wa Umoja

Mume wangu ni fundi wa vioo. Hutia madirisha katika nyumba zinazopandishwa ghorofa juu ya ghorofa hapa mtaa wa Umoja, na mabaki ya vioo huyaleta nyumbani kama wenzake waletavyo nyama. Mwaka wa sita wa ndoa yetu, alipochoka kunisikia nikilalamika kwamba Nairobi haina harufu, aliyachukua mabaki hayo akaunda tangi refu kama kitanda cha mtoto. Akaliziba pembe kwa gundi ya silikoni, akaliweka sebuleni palipokuwa na kabati la vyombo.

"Haya," akasema. "Weka bahari yako hapo."

Mimi ni mtu wa pwani. Sisemi hivyo kwa kujigamba, ingawa mume wangu husema najigamba. Nilizaliwa mahali ambapo ukifungua mlango wa uani unasikia mawimbi, nikaolewa mahali ambapo ukiufungua unamsikia jirani akisukutua. Nilimpenda mtu, nikamfuata. Mama hakulipenda jambo hilo hata kidogo, kwani binti yake ni mimi tu. Alisema nikiolewa bara nitazeeka nikiwa mgeni, na siku ya harusi akatuma salamu kwamba mguu unamuuma, hawezi kusafiri. Mguu huo ulimuuma miaka sita. Nikipiga simu hupokea kaka yangu. Mama yupo? Yupo, amelala. Saa nne ya asubuhi, mama yangu ambaye hajawahi kukutwa na jua kitandani, eti amelala!

Huyo kaka huzamia samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaopelekwa ng'ambo kwa ndege. Ndiye aliyenifunza mambo ya tangi. Aliniambia nianze na mawe ya baharini na maji tu, nisubiri miezi mpaka maji yatulie, kisha nitie matumbawe laini, na samaki awe wa mwisho kuingia. Maji ya kwanza aliyatuma kwa basi, mitungi minne, na kondakta akamuuliza kama ni ya maombi. Baadaye nikawa nachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu ya pakiti. Majirani walikuja kutazama bahari wakakuta mawe.

"Mathe, kwani unafuga mawe?" akauliza muuza mboga wa pale langoni. "Yakikomaa utuuzie tujenge."

Niliwaacha wacheke. Mtu aliyesubiri mama yake aamke usingizini miaka sita hashindwi kusubiri mawe.

Kisha akaja samaki mwenyewe, kitatange. Simsemi yule mkubwa anayeonekana sokoni. Huyu ni wa jamii ndogo, hafiki urefu wa kidole, kichwa na mgongo rangi ya chungwa lililoiva, na ubavu buluu ya wino. Kaka alimnasa akiwa na pezi lililochanika, mnunuzi akamkataa. Alipotaka kumrudisha baharini, mama akamzuia. Akamweka katika beseni uani, siku tatu akimbadilishia maji ya bahari, halafu akamwambia kaka, "Mpelekee yule mjuaji wa Nairobi. Tuone kama anaweza kutunza kitu."

Mwingine angeona katukanwa. Mimi nililia kwa furaha. Miaka sita sikuwa nimeletewa hata tusi.

Jumapili ya kwanza baada ya samaki kufika, alasiri, simu ililia, na namba ilikuwa ya mama mwenyewe. Nilipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Samaki hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula."

"Haya." Akakata.

Jumapili iliyofuata akapiga tena, na nyingine, na nyingine. Hakuniuliza habari zangu hata mara moja. Nami, kwa kiburi alichonirithisha yeye mwenyewe, sikumuuliza zake. Lakini wiki nzima nilimtazama yule samaki ili Jumapili niwe na la kusema. Alikuwa akidonoa mwani juu ya mawe kutwa, akiingia tundu hili na kutokea lile. Geti la ploti yetu ya wapangaji likibamizwa hujificha, kisha huchungulia kwanza kwa jicho moja kama mdaiwa. Alikuwa akigombana na kivuli chake kwenye kioo. Niliyasimulia yote, na mama akaanza kukaa kwenye simu. Mwambie tumeezeka jiko upya, alisema. Mwambie yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mwambie upepo umegeuka, usiku kuna baridi. Nami nikikata simu nasogea kwenye tangi namwambia, maana nimetumwa.

Najua mnachotaka kusema: samaki ni mimi, na tangi ni Nairobi. Mchungaji wa kanisa la mume wangu ameshayahubiri hayo, asante. Samaki alikuwa samaki. Ila mazungumzo yangu na mama yalipitia kwake, na sikuwa na njia nyingine.

Mama mkwe alipopasuliwa nyonga, nilikwenda Murang'a kumuuguza wiki mbili. Nilimwachia mume wangu masharti mawili tu. Chakula cha samaki ni unga wake, kiasi cha ncha ya kidole, asubuhi. Na maji ya tangi yakipungua, aongeze yale yaliyosafishwa yanayouzwa dukani kwa mtungi, wala si mengine. Maji huruka hewani kila siku, lakini chumvi hairuki, inabaki. Kwa hiyo huongezwa maji matamu peke yake. Nilimwambia haya nikiwa mlangoni na begi begani, na yeye akaitikia ndiyo, ndiyo, akitafuta ufunguo wa pikipiki.

Kule Murang'a nilimwosha mama mkwe mgongo, nikamkanda miguu kwa mafuta ya moto. Ni mama mwema, alinibariki kwa lugha yake mpaka nikaona haya. Lakini kila nikiushika mguu wake nilikumbuka kwamba nami nina mama aliye na mguu unaomuuma, au anaosema unamuuma, na sijui hata ni wa kulia au wa kushoto. Niliingia jikoni nikalia, na walipoona macho yangu nikasingizia moshi wa kuni.

Umoja nako mgao wa maji ulikuwa umebana. Mifereji ilikauka siku tisa, na duka la maji ya mtungi likafungwa. Kilichobaki ni kisima cha ploti, na kila mtu huku anayajua maji yake: ni ya kupigia deki na kumwagia choo, ukiyachemshia chai unakunywa chumvi. Mume wangu aliona maji ya tangi yanashuka, akahangaika. Akachovya kidole tangini akaonja. Akachovya kwenye ndoo ya kisima akaonja. Akaona hapana tofauti kubwa. Basi akamimina ndoo mbili, kwa sababu fundi akiona pengo huziba.

Alinipokea kituoni akiwa na fahari. "Samaki yako iko poa. Maji ilikataa kabisa, lakini nikaiwekea ya chumvi. Si hiyo ni samaki ya chumvi?"

Tulipofika nyumbani nilipanda ngazi mbio. Kipimo changu cha chumvi, kile cha kuelea, kilikuwa kimesimama juu kuliko nilivyowahi kukiona. Matumbawe yalikuwa yamejifunga. Kitatange alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe, anatweta, rangi imepauka. Nilimpigia kaka, akaniambia nipunguze polepole, maana hata haraka inaua. Mume wangu alikwenda kwa pikipiki mpaka mtaa wa Donholm kutafuta maji matamu, akarudi na mitungi mitatu. Nilitoa kikombe, nikatia kikombe, Alhamisi na Ijumaa nzima. Jumamosi saa sita mchana akafa.

Niliyomwambia mume wangu siku ile sitayaandika. Alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akasema, "Nilitaka tu ukirudi umkute." Hasira hazikunitoka, lakini nilimpakulia chakula.

Nilimsihi kaka asimwambie mama. Na Jumapili simu ikalia, nikamwamkia mama.

"Marahaba. Samaki hajambo?"

Nilitazama mawe matupu. Ningesema kweli, angesema haya, akakata, na Jumapili ijayo angepiga kuuliza nini?

"Hajambo, mama."

Nilidanganya Jumapili tisa. Sikuizima taa ya tangi wala pampu yake, ili mama akisikiliza asikie maji yakibubujika kama kawaida. Nilimzushia marehemu ugomvi mpya na kivuli chake, nikamkuza, nikamponya pezi. Lakini Jumapili moja nilikuwa nimechoka, na mama alipouliza kama anakula, nikasema kula kwake kumepungua, amekonda.

"Kwa nini?"

"Sijui, mama. Naona kama amekumbuka kwao."

Mama akauliza, "Usiku hulala?"

"Halali sana."

"Mwambie ale," akasema. "Mwambie huku hakuna aliyemkasirikia siku nyingi sasa."

Nilikwenda bafuni nikafungua mfereji, siku hiyo kwa bahati maji yalikuwepo, nikalia pasipo kusikika.

Wiki chache baadaye kaka alileta masanduku ya samaki uwanja wa ndege, akapitia kwetu kula. Aliketi mbele ya tangi, akaitazama taa inayomulika mawe, akatikisa kichwa.

"Dada, mama anauliza utaizima lini hiyo taa."

Niliweka chini bakuli la mchuzi.

"Nilimwambia siku ile ile samaki alipokufa. Mimi kwa mama siwezi, unajua."

Jumapili hiyo nilikaa na simu mapajani tangu chakula cha mchana. Mume wangu alikaa karibu. Ilipolia nilisahau hata shikamoo.

"Mama, samaki alikufa."

"Najua."

"Na ulijua wiki zote hizi?"

"Nilijua kabla hujanidanganya mara ya kwanza."

"Basi mbona ukawa unamuuliza?"

Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake nikasikia kuku, na mtu akitwanga.

"Ningekuuliza wewe, ungeniambia hujambo," akasema. "Una kiburi, sijui umekitoa wapi. Samaki ndiye aliyeniambia umekonda na usiku hulali."

Mimi sijawahi kukosa la kujibu, muulizeni yeyote wa ploti hii. Siku hiyo niliyaacha majibu yote. Mwisho nikasema neno nililokuwa nimeliweka miaka sita: "Mama, nimekukumbuka."

"Basi njoo," akasema. "Na huyo mumeo umlete. Nataka nimwone mtu anayeweza kuua samaki kwa maji."