Niliwahi kwenda kazini kwa kuruka, Ngara, miaka ya wakimbizi

Wakuu, poleni na majukumu. Naona mnabishana humu kama vyombo vya kuruka vya mtu binafsi vitaondoa shida ya usafiri. Mimi nilishajaribu. Siongezi chumvi, bega langu la kushoto ni shahidi.

Nilikuwa mkalimani kwenye zahanati ya kambini. Mgonjwa anaeleza kwa Kirundi, mimi namweleza daktari kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Mshahara ule ulilisha nyumba mbili, yangu na ya mama.

Nilikaa Nyamiaga, naenda kwa baiskeli. Shida zilikuwa mbili. Malori ya chakula yalikuwa yameigeuza barabara kuwa tope. Ya pili ni salamu.

Asiyejua kwetu asicheke. Mzee akiwa mlangoni kwake, humpungii mkono ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unavua kofia, unampa mikono miwili na shikamoo, unaulizwa habari za nyumbani, za mbuzi, za maharage. Wazee wa njia ile walikuwa kumi na mmoja. Nilishawahesabu, kwa hasira.

Nikapewa barua ya onyo kwa kuchelewa. Ikaja ya pili. Bosi, mama mmoja mpole sana, akaniambia ya tatu itakuwa ya kuniaga.

Shemeji yangu Domi, mdogo wa mke wangu, alikuwa fundi wa mashine ya kusaga. Kila helikopta ya mashirika ikipita, anaacha unga unamwagika. Siku moja akaniambia, "Shemeji, hewani hakuna tope."

Wala wazee, nikaongezea moyoni.

Tukaunda chombo. Mianzi, turubai, injini ya pampu ya maji, na pangaboi la mbao alilochonga mwenyewe. (Najua mtaleta utani wa ungo. Ungo hauna injini.) Usukani ulikuwa mti mmoja, na Domi alirudia mpaka nikachoka: ushike kwa mikono yote miwili.

Siku ya safari, kulipokucha tu, tukakipandisha kilimani, juu ya nyumbani kwao Domi. Nilikuwa nimevaa nguo za kazi kabisa. Nikakimbia nacho kuteremka, na wakuu, kiliruka. Si sana. Kimo cha migomba na kidogo zaidi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, mke wangu anisamehe.

Ndipo nikamwona baba mkwe. Amesimama shambani kwake na panga, ananitazama.

Sikufikiri chochote. Mikono iliachia usukani, nikavua kofia, nikainama na kusema, "Shikamoo, baba."

Nilivunja migomba minne.

"Marahaba," alisema alipofika nilipolala. "Umeumia wapi?"

Nikamwonyesha bega, nikaanza kulia. Sililii bega, nalilia kazi. Nikamwambia nikichelewa leo ndiyo basi.

Akapiga yowe. Ikaletwa ngobyi, ile machela yetu ya kusuka ya kubebea wagonjwa, wanaume wanne wakaiweka mabegani na kukimbia nami kuelekea zahanati. Kila nyumba tuliyofika wanaume walikuwa wameshatoka, wanaipokea mabegani, waliochoka wanabaki. Wazee niliowahesabu kwa hasira ndio waliokuwa wakiwatoa vijana wao kitandani.

Hakuna aliyetusimamisha kwa salamu. Ngobyi hupishwa tu. Hata malori yalipisha. Nililala mle ndani nikiona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Tulifika kabla ya bosi. Alinikuta kwenye benchi, nimeshawatafsiria wagonjwa wawili nikiwa nimelala, ikamchukua muda kujua kwamba na mimi ni mgonjwa. Barua ya tatu haikuandikwa.

Baba mkwe alikuwa amekimbia njia yote, mzee wa umri ule. Alipopata pumzi akaniinamia. "Mkwe, wewe pita chini. Huko juu nani atakubeba?"

Funzo langu ni hilo, sina la kuongeza. Vyombo hivyo vikifika, nunueni, sipingi. Ila ulizeni kwanza njia ya huko juu ina watu gani.

Mliokuwa Ngara na Biharamulo kipindi kile, semeni na nyie mlifikaje kazini. Wenye maswali ya kiufundi, Domi yupo, ila siku hizi anakataa kuzungumzia usukani.