Sensa ya Baba Mkwe

Lewa alikuwa fundi wa kuseti injini hapa Malindi. Nasema alikuwa kwa sababu siku hizi anaziba pancha. Gereji yake ilipakana na kibanda changu cha kushona viti vya magari, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mkwewe, Mzee Mwambire, alileta pikapu yake ya kubebea mananasi kutoka Adu. Alikuwa ameitia turbo, na turbo ikisukuma hewa nyingi, petroli nayo sharti iongezwe kwa kipimo, la sivyo pistoni zinaungua. Lewa akatoboa bomba la moshi, akachomelea mahali pa kukaa sensa, kisha akamwomba mzee anunue sensa iitwayo waidibendi, ile inayosoma kiasi hasa cha petroli na hewa hata gari likielemewa.

Mzee akarudi na sensa kuukuu ya kawaida, imeviringishwa kwenye gazeti.

"Mwanangu, zote zina nyaya, zote zaingia tundu moja. Hii yatosha."

Sensa ya kawaida hujua tu kwamba petroli imezidi au imepungua. Kwa kiasi gani, haijui. Lewa alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini kwao mtu harudishi alichopewa na baba mkwe, wala hambishii. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba."

Mzee alipokwenda kunywa chai nikamwambia, "Mrudishie."

"Nimrudishie kwa mdomo gani? Nimemuolea binti yake."

Akaseti kwa kukisia, akaongeza petroli ya kutosha ili injini isalimike. Baada ya wiki mzee akaja kulalamika kwamba gari linakunywa mno, apunguze. Lewa akapunguza. Mimi nilitoka kibandani nikaenda zangu, maana ningesema maneno mabaya. Adabu gani hiyo ya kumuunguzia mtu gari lake huku unamwitikia ndiyo baba?

Pistoni ziliyeyuka kwenye mlima, karibu na Mariakani, mananasi yakiwa juu.

Mzee hakuitaja sensa. Alisimama kwenye matanga ya jamaa yao mmoja, mbele ya ukoo mzima, akasema mkwewe amemuulia injini. Lewa alitazama chini. Mbeyu mkewe alilia, si kwa ajili ya marehemu. Wateja wakaanza kupita mbali, na gereji ikafungwa.

Juzi mzee alimletea Lewa pikapu ileile, gurudumu limetoboka. Injini mpya ilisetiwa na fundi wa Mombasa ambaye alikataa kuigusa kabla ya kuletewa waidibendi. Mzee aliinunua siku hiyohiyo.

"Shikamoo, baba," Lewa akasema, akaingia chini ya gari kuweka jeki.

"Marahaba. Umeisikia injini inavyoimba? Yule ndiye fundi."

Nami niliinama nikachungulia. Waidibendi ilikuwa imekaa vizuri, palepale alipopachomelea Lewa.

"Naisikia, baba," akajibu, akaanza kulegeza nati.