Bibi wa Stelingi

Deki ya DVD tuliinunua soko la Warwick, katikati ya meza ya chaja na meza ya mizizi ya dawa, na tulipoifikisha kwetu, mtaa wa Point, ikagoma kufungua mdomo. Tumboni mwake kulikuwa na diski ya mtu mwingine, nayo haikutoka hata tulipoibembeleza kwa kisu. Kwa hiyo ghorofa yetu nzima ikawa na filamu moja tu: mchezo wa zamani wa vijana wa Kizungu wanaoteleza na mbao juu ya mawimbi, uliopigwa hapa hapa Durban kabla sijazaliwa. Waliongea Kiingereza cha puani, na spika ya televisheni ilikoroma, kwa hiyo hakuna aliyeelewa kitu, na mimi peke yangu ndiye niliyeivumilia hadi mwisho.

Sasa, kabla ya kuja Afrika Kusini mimi nilikuwa DJ, na si wa muziki. Nilikuwa DJ wa kibanda umiza kule Tanga, kile kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na joto la tanuri. Nilishika kipaza sauti nikawatafsiria watu sinema za Kichina na za Kihindi, lugha ambazo sikuijua hata moja. Nilikuwa hodari, nasema bila haya. Durban nilipaka rangi nyumba za watu, na ukuta hausikilizi hadithi, ukiusimulia unakausha tu. Mdomo ulikuwa ukiniwasha.

Chini yetu aliishi dada mmoja wa Lubumbashi, mshonaji wa mapazia. Nilimpenda. Alikuwa na kicheko kilichopanda ngazi kabla yake, na kila Jumapili alikuja na sahani ya beignets, maandazi ya kwao, tukala pamoja na Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja. Miezi ya kwanza alinichangamkia. Kisha akapoa ghafla, na tangu hapo kila nilipomsogelea aliniita mon frère. Sijui kama Kifaransa kina neno lingine linalouma hivyo. Nilijikagua nguo, nikajinusa makwapa, nikabadilisha manukato, na bado nikabaki kaka yake.

Wala sikuwa nimemkosea kitu. Nilimweleza mambo yangu yote, hata kwamba Tanga nina bibi ninayempenda. Huyo ni mama mzaa mama, aliyenilea tangu sijui kuvaa kaptula. Bibi nilimpigia simu kila Jumapili baada ya kula. "Samahani, nampigia bibi," nasema, natoka kwenye varanda. Siku moja nilimwambia yule dada kwa moyo wangu wote: "Nimemsimulia bibi habari zako. Amefurahi mno, anataka nikupeleke akuone." Akainuka, akachukua sahani yake ikiwa bado na beignets, akashuka ngazi. Nikajua nimeharakisha.

Jumapili ninayoisimulia mvua ilinyesha tangu asubuhi, wachuuzi wakabaki nyumbani, sebule ikajaa majirani. "Boss, si uko na mdomo? Tutafsirie hii kitu," akasema Mkenya. Dada alikuwa amekaa karibu na mlango. Niliapa moyoni kwamba leo akiniita mon frère tena, namwachia ngazi zake. Nikashika mwiko kama kipaza sauti.

"Wapenzi watazamaji! Huyo mwenye nywele kama za mahindi ndiye stelingi, shujaa wetu! Na stelingi hafi!"

Stelingi kweli hakufa, ila pia hakufanya kitu. Aliteleza juu ya wimbi, akaanguka, akacheka, akalala mchangani, akachoma samaki na wenzake, wakapanda gari lao bovu lililochorwa maua, wakashuka, wakarudi majini. Hawakuwa na saa wala viatu wala bosi.

"Banatumika wapi, hawa?" akauliza dada.

"Hawana kazi."

"Sasa banakula nini?"

"Mawimbi!"

Akacheka, nami nikapata nguvu ya DJ wawili. Ufukwe wote ule ulikuwa hauna mtu mweusi ila mzee mmoja anayesukuma kigari cha aiskrimu. Jirani mmoja akauliza sisi tuko wapi. "Tumekatazwa kuingia," nikamjibu, "vuteni subira, tunakuja." Watu wakacheka, ingawa si kwa nguvu sana.

Tabu yangu ilikuwa kwamba filamu haikuwa na adui, na DJ bila adui hana kazi. Nikamfanya adui baba wa kijana, mwenye duka la misumari, aliyemtaka mwanawe aache ubao ashike kaunta. Sebule nzima ikaenda upande wa baba. "Papa iko na raison!" wakasema. Nikamtukana yule mzee hadi sauti ikakwama, wakazidi kumpigia makofi.

Ndipo akaja msichana, mgeni wa likizo kutoka Johannesburg, wakapendana yeye na stelingi. Walikaa kwenye jiwe, msichana akamuuliza mbona kila jioni anamkimbia. Kijana akajibu, nami nikatafsiri kwa sauti ya huruma: "Mpenzi, naenda kwa bibi yangu. Ananisubiri na chakula."

Sebule ikalipuka.

"Wee! Ako na bibi na anakatia msichana?" akapiga kelele Mkenya.

"Iko na bibi!" Dada alikuwa amesimama, tena alinitazama mimi, si televisheni. "Iko na bibi, kisha anatembeza mutoto ya batu! Banaume, bote bamoja!"

Sikuelewa kabisa. "Jamani, kosa lake nini? Mtu asiende kwa bibi yake? Mimi mwenyewe nina bibi, nampenda, na simfichi mtu!"

"Tunajua," akasema dada polepole. "Ulinialika kwake. Mi sitaki bwana ya mutu."

Kwenye televisheni kijana alikuwa amefika kwenye kinyumba, akabisha, mlango ukafunguliwa. Akatoka kizee kimeinama, nywele nyeupe, shali mabegani, kikambusu kijana kwenye paji la uso.

"Ala!" akasema Mkenya. "Kumbe ni nyanya yake!"

"Nyanya gani? Amempikia samaki!"

"Nyanya, boss! Mamake mamake!"

"Si ndiyo bibi?"

"Bibi ni mke!"

"Bibi ni mke wapi?"

"Kila mahali isipokuwa kwenu!"

Ubaridi wote wa miezi ile ukanipitia mgongoni. Nikamgeukia Mkenya. "Na wewe unayelala nami chumba kimoja? Hukunisikia nikimwamkia shikamoo?"

"Nilisikia. Nikasema hawa Watanzania wana adabu, mpaka kwa mabibi zao."

Dada alikuwa bado amesimama. Filamu iliendelea, baba alikuwa akigombana na kijana, hakuna aliyemsikiliza. "Na yako?" akaniuliza. "Ya Tanga. Iko na myaka ngapi?"

"Amepita themanini."

"Iko na meno?"

"Mawili."

Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika, nikaogopa kwamba analia. Alikuwa akicheka. Nilitaka kucheka naye nikashindwa, machozi yalinitangulia.

"Mupigie," akasema. "Nimusalimie mwenyewe."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu, nikamwamkia. Bibi akauliza kama nimekula, kisha akasikia pumzi nyingine. "N'nani huyo?"

Kabla sijafungua mdomo, dada akanipokonya simu.

"Jambo, mama. Ni mimi. Pengine mimi ni bibi ya mujukuu yako."

Nilitaka kutafsiri, dada akanizuia kwa mkono.

"Bibi yake ni mimi," akasema bibi. "Lakini nimezeeka. Kama na wewe wautaka ubibi, njoo tugawane."