Swali la Kocha

Marehemu mume wangu, kocha wa mpira wa kikapu, hakumpongeza mfungaji yeyote kabla ya kumuuliza, "Nani kakupa pasi?" Mfungaji ilimbidi amwendee mwenzake, amshike mkono mbele ya timu nzima. Wachezaji wake, ambao leo nao ni makocha, wanauliza vivyo hivyo, nami najivunia. Lakini binti yetu alipoleta cheti chake cha udaktari, kocha alifuta miwani kwa ncha ya shati, kama kawaida yake.

"Baba, leo niambie hongera tu."

"Nani kakupa pasi, daktari?"

Wageni walicheka. Binti alirudisha cheti kwenye bahasha. Ningeweza kusema, "Mpongeze mwanao kwanza." Nikamimina chai, nisije nikamwaibisha kocha mbele za watu.