Picha Tulizopigwa na Baba

Enzi zetu, kule Tawa, kupigwa picha ilikuwa kazi. Baba alikuwa mwalimu, na kamera ndiyo iliyokuwa starehe yake, kama wenzake walivyopenda pombe. Jumapili baada ya kanisa alitupanga mbele ya tangi la maji, mimi na dada yangu mdogo Mutheu, tumepakwa mafuta tukang'aa, soksi zimevutwa hadi magotini. "Simameni wima. Picha haipendi mtu wa kuchezacheza," alisema. Tulibana pumzi. Kamera ikalia, tukaachiliwa tukale wali.

Kisha tulingoja. Filamu ilipelekwa Machakos kusafishwa, na bahasha iliporudi tulikuta vilima vya Mbooni, fahali wa jirani, malori ya Mtito Andei. Sisi hatukuwamo. "Zenu ziliungua," baba alisema, na Jumapili iliyofuata tukasimama tena.

Mutheu alishikwa na malaria akiwa darasa la tatu. Siku ya nne hakuamka. Mama aliomba picha moja tu, ya kuweka juu ya jeneza. Baba akamwaga boksi lake lote la picha mezani, akapekua, akapekua tena, halafu akaketi.

"Za watoto nilikuwa nabonyeza tu," akasema. "Filamu haikuwa ndani. Nilikuwa naihifadhi isiishe."

Sijamsamehe, hata sasa akiwa kaburini. Na ajabu ni kwamba nilirithi starehe ile ile. Naagiza filamu Nairobi, naipenda sauti ya kuivuta, naipenda hata harufu ya dawa ninaposafisha picha bafuni. Watoto wa siku hizi nikiwapiga picha hukimbilia nyuma ya kamera: "Anko, screen iko wapi?" Hawajui kungoja hata chapati iive. Wakubwa wao hupiga picha sahani ya chipsi mara ishirini kabla ya kuila, halafu wanafuta zote. Nawacheka. Lakini binti yangu ana simu iliyojaa picha za mwanawe akilia, akipiga chafya, akilala, na nikiiona wivu hunikaba.

Filamu yangu yote huishia kwa watoto wa ukoo wetu. Picha zikikauka nampelekea mama. Huzisogeza dirishani, azikague moja moja, akimtafuta Mutheu katika nyuso za vitukuu.

"Pua ilikuwa hivi," aliniambia juzi, kidole kikiwa juu ya picha. "Macho nimesahau. Wewe unayakumbuka?"

Siyakumbuki. Nikachukua picha iliyokuwa juu, nikamwambia yalikuwa kama haya.