Pikapu Iliyokwenda Kuposa

Mfikirie kwanza anavyokuja. Ni saa tatu asubuhi, msimu wa mvua, mwaka wa tisini na mbili, pale Masoro. Usiifikirie Masoro ya viwanda na maghala; hiyo ilikuja baadaye. Wakati ule ni maharage, migomba, na ukungu ulioamua kulala mpaka wenyewe uchoke. Pikapu ya kijani inachomoza kwenye kona. Nyuma amesimama ng'ombe aliyefungwa utepe mwekundu kwenye pembe, anayatazama mashamba kama mkaguzi. Mbele wamebanana watu watatu, na anayeshika usukani amevaa suti nyeupe ya kuazima ambayo mikono yake imekomea karibu na viwiko.

Huyo ni Sibomana, fundi wa magari wa mtaa wa Gikondo mjini, na anakuja kuposa. Au tuseme anakuja kujaribu.

Umemwona? Haya. Kabla hajafika mlimani kwa wakwe, nikuambie ni mtu wa namna gani.

Sibomana alikuwa mtu wa kusikiliza vyuma. Ungemletea gari na malalamiko yako yote, naye angekunyamazisha kwa kidole, akaweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, kisha akatabasamu kama mtu aliyeambiwa siri ya jirani. Hata kanisani alijua ni benchi lipi limelegea msumari. Pikapu yake aliinunua ikiwa mifupa, mbuzi wanalala ndani, akaifufua kwa miaka mitatu. Jioni, Umulisa, binti wa Masoro aliyekuwa anashona nguo hatua chache kutoka gereji, alikuja kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akisikiliza habari za gia. Wasichana wengine waliletewa maua; yeye alichorewa ekseli kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Akampenda hivyo hivyo.

Baba yake Umulisa, mzee Twagirayezu, hakuvutiwa na michoro. Aliwahi kupewa lifti na fundi mmoja akaishia kusukuma gari la huyo fundi mpaka soli za viatu zikabanduka. Kwa hiyo Sibomana alipotuma watu, jibu lilirudi hivi: alete ng'ombe kama wengine, lakini gari nalo lipande mpaka uani, lisiguswe na mkono wa mtu wa kulisukuma. Likisukumwa, ng'ombe arudi nalo Gikondo, na binti abaki.

Na mlima wa mzee huyo, jamani, mvua ikishanyesha ni sabuni.

Sibomana hakuogopa. Pikapu yake ilikuwa na gia ya kuendesha magurudumu yote manne, na alasiri ya siku iliyotangulia, kwenye jua kali, aliijaribu kwenye tope la nyuma ya maghala ya Gikondo. Ilipanda kama mbuzi. Basi asubuhi ile alipofika chini ya mlima wa wakwe akasimama, akashuka kwa madaha, akageuza kile kidude kilichopo kwenye kitovu cha kila gurudumu la mbele, kinacholiunganisha gurudumu na ekseli yake. Akarudi ndani, akavuta mpini wa gia, taa ya kijani ikawaka. Akaondoka.

Theluthi ya kwanza ya mlima, gari likapanda. Baada ya hapo magurudumu ya nyuma yakaanza kuchezea tope, na ya mbele yakatulia kabisa, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa.

Juu ya ukingo wa barabara wakwe walikuwa wamekwisha kujipanga, vibuyu vya pombe ya ndizi mkononi. Unajua watu wa upande wa bibi arusi siku ya posa: kazi yao ni kumtesa mgeni kwa maneno. Mmoja akashauri ng'ombe ashuke aendeshe yeye. Mwingine akauliza kwa upole mkubwa:

"Fundi, tukuitie fundi?"

Rafiki yake Sibomana, Usumani, mtu wa mtaa wa Nyamirambo aliyefanya naye kazi gereji moja, akacheka mpaka akashika dashibodi, kisha akakumbuka yuko upande gani. Aliyekaa katikati yao, shangazi Nyirarukundo aliyemlea Sibomana, hakucheka. Hakusema neno. Kumbuka hilo, maana shangazi huyo alikuwa anaongea hata usingizini.

Sibomana akatandika majani ya mgomba chini ili kuilinda suti, akalala chali, akamwambia Usumani akanyage mafuta kidogo. Akatazama. Propela ya mbele, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, inazunguka. Ekseli ya mbele inazunguka. Gurudumu lenyewe limelala. Akaenda upande wa pili, vile vile. Basi gia ni nzima, akawaza, nguvu inafika mpaka mlangoni, ila mlango haufunguki. Ugonjwa uko ndani ya vitovu. Akasogeza sikio. Kimya. Akasogeza pua, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika, kwa sababu kitovu cha gurudumu kilikuwa kinanukia maziwa.

Alidhani ni ng'ombe. Lakini ng'ombe alikuwa nyuma.

"Shangazi," akaita akiwa chini.

"Nakusikia, mwanangu."

"Umefanya nini kwenye gari?"

Shangazi akashuka polepole, akakunja kitenge chake, akaungama. Siku Sibomana alipovifungua vile vitovu, akaviosha kwa petroli na kuvipaka grisi, kisha akatoka kutafuta karatasi ya gasketi ya kuzibia, yeye alipita pale akaona ule uchafu mweusi. Gari la kwenda kuposa, lipakwe kitu kama kile? Akakikwangua chote kwa kijiko na kujaza siagi ya ng'ombe, ile nzuri ya kumpaka bibi arusi. Sibomana aliporudi akakuta vinang'aa, akadhani Usumani amemsaidia, akakaza bolti zake sita sita bila kutazama vizuri.

"Vitovu vyote viwili?" akauliza.

"Ningepaka kimoja, mwenzake angenung'unika."

Sasa elewa. Ndani ya kitovu mna pete inayosukumwa na springi. Lazima iteleze ndipo gurudumu lishikwe. Siku ya jua siagi ilikuwa imeyeyuka, pete ikateleza vizuri. Asubuhi ya ukungu siagi imeganda kama sabuni ya mche, pete imenaswa. Ungesema, si avifungue avikwangue? Kwa spana gani? Shangazi huyo huyo alikuwa amezitoa spana zote garini, akisema bwana arusi haendi ukweni na vyuma.

Kilichobaki ni moto, au maji ya moto. Usumani akapanda mlima kwa miguu, akaingia jikoni kwa mzee Twagirayezu, akaomba maji yaliyochemka, na alipoulizwa ya nini akasema ni ya kumnawisha shangazi miguu, mtu mzima, ana baridi.

Baada ya kitambo akateremka mama mmoja aliyejifunika kitenge kichwani mpaka machoni, debe la maji linafuka kichwani. Sibomana akamwambia asante, mama, weka hapo. Mama hakuweka. Aliinama, akamimina taratibu, si kwenye tairi, si kwenye rimu, bali juu ya kitovu, akilizungusha debe pole pole ili joto lienee. Sibomana akashangaa. Ni mama gani wa Masoro anajua mahali hapo?

"Nabakisha ya upande wa pili," kitenge kikasema kwa sauti ya chini. "Kimoja kikikataa, mwenzake anakaa bure."

Alikuwa Umulisa, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana na mtu mpaka aombwe na atolewe.

Siagi ikaanza kuchuruzika. Ndani ya chuma kukasikika mlio mdogo tu: *ka*. Halafu upande wa pili: *ka*. Sibomana akaingia, akakanyaga mafuta, na magurudumu yote manne yakaushika mlima kama makucha. Wakwe wakakimbia pembeni huku wakimwaga pombe, shangazi akapiga vigelegele peke yake, ng'ombe akaanguka kwa magoti akasimama tena, na pikapu ikaingia uani ikinukia kama harusi yenyewe.

Mzee Twagirayezu akaizunguka. Akaweka kiganja kwenye kitovu, cha moto. Akanusa vidole. Kisha akamtazama binti yake mlangoni, sketi imelowa mpaka magotini.

"Gari hili limesukumwa?"

Usumani ndiye aliyejibu:

"Hapana, mzee. Limeogeshwa."

Uani kukalipuka kicheko, na mzee akageuka ukutani, mabega yanatikisika. Alipogeuka tena alisema tu, "Ng'ombe ashushwe," na kila mtu alijua hiyo ni ndiyo.

Lakini swali lake hakulijibu mwenyewe, na gereji ya Gikondo ilibishana kwa miezi. Wengine walisema mkono wa binti ulihusika, kwa hiyo sharti lilivunjika. Wengine wakasema maji si mkono. Wewe ungekuwa Twagirayezu, na jikoni ni kwako, na aliyemimina ni mwanao, ungehesabu gari lile lilisukumwa au lilipanda lenyewe?