Baba Alipoikataa Bunduki ya Nyati

Nilipopunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika nilirudi kwa baba na wanangu wawili, shambani kwake, nje ya Songea kwenye barabara ya Namtumbo. Mume wangu alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta biashara, akanyamaza hukohuko. Baba naye alikuwa peke yake tangu mama afariki. Alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu. Utoto wangu wote nilimjua kama mtu wa kuondoka na bunduki ya serikali begani, kuwafuata nyati waliojeruhi watu. Siku ya kustaafu aliirudisha, akashika jembe.

Msimu ule nguruwe pori walitutesa. Unalala una mahindi yanayobeba, unaamka umebaki na mabua yaliyotafunwa. Majirani wakamwomba baba anunue bunduki yake mwenyewe, maana zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, na mjini alikuwepo mfanyabiashara mwenye leseni ya kuuza silaha. Jirani yetu mmoja, mwanajeshi wa zamani, alishikilia kwamba iwe bunduki kubwa, kwa sababu mtoni alikuwa ameonekana nyati dume. Alisema ukiwa na ya nyati, nguruwe ni kitoweo tu, lakini ukiwa na ya nguruwe, nyati atakucheka. Baba aliomba kibali polisi. Kibali kilipotoka, akaniambia tufuatane dukani.

Mwenye duka alimwamkia baba shikamoo, akatuwekea bunduki mezani moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ile ya nyati, nzito, risasi zake nene kama kidole. Baba aliipakata, akairudisha, akasema inapiga bega. Nilimtazama nisiamini, kwa kuwa ndiyo aina aliyoibeba miaka yote. Ya pili ilikuwa nyepesi, ina darubini juu yake. Hiyo akasema risasi yake inakwenda mbali mno, na kwetu mashamba yamepakana, watu wamo. Hapo nilimwelewa. Mteja mwingine, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Kaskazini, akadakia kwamba wawindaji wa kigeni huko mapori ya uwindaji hutembea na bastola kubwa, ya kummalizia nguruwe aliyejeruhiwa kichakani. Mwenye duka akasema hata kama ingekuwepo, polisi hawatoi kibali cha bastola kwa ajili ya nguruwe. Baba alitabasamu tu.

Mwisho ikaja bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo zinazotawanyika, ya mitutu miwili. Baba hakuiweka begani kwake. Aliniambia niishike mimi, akaniinua kiwiko, akanisogeza kitako cha bunduki mpaka kikakaa vizuri penye bega. Kisha akashukuru, tukaondoka mikono mitupu.

Tulirudi pale tena, na tena, mambo yakawa yaleyale. Kila bunduki alikuwa na kasoro ya kuitaja, na kasoro za leo hazikuwa za juzi. Mwanajeshi akaanza kusema kwenye kilabu cha pombe ya komoni kwamba mzee ameingiwa na woga. Baba yangu mwoga? Au ulikuwa uzee? Au hakutaka kuua tena, akashindwa kusema? Nilipomuuliza alinijibu kwamba bunduki haichaguliwi kama khanga.

Mchana mmoja tulikuwa tunapalilia. Baba akasimama ghafla, akanishika mkono, akanionyesha ukingo wa shamba.

"Yule ni dume au jike?" akaninong'oneza.

Nilitazama. Alikuwa mama mmoja jirani yetu, ameinama, anakusanya kuni.

"Baba, yule ni mtu."

Akakaa palepale kwenye tuta, jembe likamwangukia miguuni.

"Sasa umejua kwa nini bunduki zote zilikuwa mbovu," akasema.

Kibali kikaombwa upya, kwa jina langu. Afisa wa polisi aliniuliza mara kadhaa kama mume wangu anajua, nami nikamwambia mume mwenyewe sijui alipo. Tulinunua ile ya marisau. Baba alinifundisha kwa kopo lililowekwa juu ya kichuguu. Hakuliona kopo, lakini kwa mlio tu aliniambia kama nimepata au nimekosa.

Nguruwe wangu wa kwanza nilimpiga jioni, jua lingalipo, karibu kuliko nilivyopenda. Alianguka akapiga miguu. Nilihangaika kutoa maganda ya risasi, yakanishinda. Majirani Wakristo waligawana nyama. Waislamu walikuja kushukuru, wakakaa upande wa pili wa uwanja mbali na sufuria, tukazungumza vizuri. Mwanajeshi alinitaka tumfuate nyati wa mtoni. Nilikataa, akaja askari wa serikali na bunduki kubwa kumaliza kazi ile.

Baadaye nilimpeleka baba hospitali ya Peramiho. Kumbe alikuwa na mtoto wa jicho. Wakampasua, na bandeji zilipotolewa alinitazama usoni akasema nimekonda. Nyumbani nilimletea bunduki nikidhani atafurahi. Aliipokea, akaitazama kutoka kitako hadi ncha ya mtutu, akanirudishia, akaenda kuwafungulia mbuzi. Tangu siku hiyo hakuigusa mpaka anafariki. Nilimuuliza sababu zaidi ya mara moja, na kila mara alinijibu tofauti: mara bega, mara umri, mara kwamba kibali si chake. Sijui hadi leo lipi lilikuwa la kweli.